Jua au Blanketi?

Maji yakipwa wakati wa bamvua, pwani ya Paje na Jambiani hujaa wanawake walioinama. Vigingi vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimevutwa baina yake, na kila kamba imefungwa vipande vya mwani. Kilimo hiki kilishika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu za kutoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili. Spinosa ni mvumilivu, bei yake ndogo. Kotonii hulipa kiasi cha mara mbili, ila haipendi taabu: maji ya kina kifupi yakizidi nyuzi joto 30 hivi kwa siku nyingi, hudhoofika, matawi hupauka, hulainika, hukatika, na mavuno yakaenda na mkondo. Katika sehemu nyingi ilikokuwa ikistawi, wakulima wameshaiacha.

Muulize mkulima sababu, atakwambia bahari imekuwa moto. Nenda barazani, utasikia jingine. Jua lina misimu yake, hata wazee wetu waliona miaka ya joto, na hayo ya tabianchi ni maneno ya semina.

Mimi siwacheki watu wa baraza. Kuuliza kama jua ndilo limekuwa kali ni swali zuri, na lina jibu.

Mwaka 1967 Syukuro Manabe, Mjapani aliyehamia Marekani, na mwenzake Richard Wetherald walikokotoa kwa kompyuta kitakachotokea hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu. Jibu lilikuwa na ajabu yake: hewa ya chini tunayovuta itapata joto, lakini ile ya tabaka la juu, kuanzia kilomita 17 hivi juu ya nchi za ikweta, itapoa.

Chukua usiku wa kipupwe umejifunika blanketi. Joto la mwili linazuiwa ndani, na ukipeleka mkono juu ya blanketi unakuta baridi. (Mfano huu haukamiliki, maana huko juu hewa ya ukaa yenyewe pia hutupa joto kwenda anga za mbali. Lakini unatufikisha.) Sasa fikiria kisa kingine: huna blanketi, ila jua limeongeza ukali. Hapo joto lingepanda kote, chini na juu.

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kupima tu. Satelaiti zimekuwa zikipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na zimekuta chini panapata joto na juu panapoa. Nguvu ya jua lenyewe nayo imepimwa kwa muda huohuo. Hupanda na kushuka kidogo kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini haikupanda pamoja na joto letu. Jua likaachiwa huru. Manabe alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 90.

Na blanketi linazidi kuwa nene. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima hewa kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi limemezwa na bahari, ndiyo maana kotonii ilipata habari kabla ya baraza.

Ubaya wa hewa hii ni kwamba haiondoki upesi. Sehemu ya ile iliyotoka kwenye makaa ya mawe yaliyochomwa Uingereza enzi za treni za mvuke bado iko juu yetu. Wanaochoma zaidi wakisubiri miaka kumi kabla ya kupunguza, wanatuongezea hewa itakayokaa karne kadhaa, ilhali Afrika nzima inachangia asilimia 4 hivi tu ya ile inayotolewa duniani kila mwaka.

Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani Zanzibar, amekuwa akiwafundisha wakulima kupanda kotonii ndani ya nyavu za mirija kwenye maji ya kina kirefu, kusiko na joto kali. Lakini huko hakufikiki kwa miguu, na wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea.

Basi mzee wangu wa barazani, endelea kuuliza. Ila siku shehia itakapokaa kujadili fedha za boti na mafunzo ya kuogelea, usiseme tungoje kwanza wataalamu waafikiane. Kuhusu jua, wameshaafikiana.