Kabla Hujakubali Laptopu Yako Ifomatiwe

Ilikuwa Ijumaa saa tatu usiku, na ripoti yangu ya utafiti ilitakiwa kwa msimamizi Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimebakiza sura ya tano tu. Laptopu ikaniletea ujumbe kwamba kuna sasisho la draiva ya kadi ya picha. Bando lilikuwepo, nikaona si vibaya, nikabofya kukubali, nikaenda kula. Niliporudi mashine ilikuwa inajiwasha upya. Nembo ya Windows ikatokea, vidoti vikazunguka, kisha skrini ya bluu. Ikazima, ikawaka, bluu tena. Mara tano, mara sita, hivyo hivyo.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi nje ya geti. Hata dakika mbili hakuigusa. "Dogo, hapa ni kupiga Windows upya tu. Elfu 20, jioni unachukua." Nikamuuliza, "Na kazi zangu zilizomo, braza?" Akasema, "Kama huna bekapu, hizo hesabu zimekwenda."

Nikamkumbuka mwenzetu wa chumba cha jirani. Mwaka jana aliambiwa maneno hayo hayo, akakubali, akapoteza majibu ya madodoso aliyoyakusanya fildi kwa wiki 6. Nikaichukua laptopu yangu, nikamshukuru fundi, nikarudi bwenini.

Aliyeniokoa ni dada mmoja anayesoma kompyuta, tena kwa simu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Kabla haijaharibika, mara ya mwisho uliifanyia nini?" Nilipomjibu, akacheka. "Basi hiyo haijafa. Draiva mpya imeikataa. Tuitoe." Mimi nasoma sosholojia, si mtaalamu wa mambo haya, ila nilichoelekezwa siku ile kila mwanafunzi anakiweza.

Draiva ni kitu gani?

Kompyuta ina vifaa vingi: spika, kamera, waifai, kadi ya picha. Kila kifaa kina lugha yake, na Windows haizijui zote. Draiva ni programu inayokaa katikati kama mkalimani. Windows ikitaka kitu kichorwe kwenye kioo, draiva inaifikishia kadi ya picha amri hiyo kwa lugha inayoielewa.

Sasa, programu ya kawaida kama kivinjari ikikwama unaifunga, maisha yanaendelea. Draiva nyingi hazipo huko. Zinafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na huko kosa moja linatosha kuvuruga kila kitu. Windows ikigundua kosa la namna hiyo inajisimamisha yenyewe makusudi, isije ikaharibu data. Skrini ya bluu ndiyo breki hiyo. Na kwa kuwa draiva ya picha inapakiwa kila mashine inapowaka, breki nayo inapigwa kila unapowasha.

Kwa hiyo usichanganye mambo. Ripoti yako bado ipo kwenye diski, pale pale ulipoihifadhi. Aliyeharibika ni mkalimani mmoja, na kwa mkalimani mmoja hubomoi nyumba nzima.

Kama unadhani haya ni ya laptopu zetu za mtumba tu, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike, ya Marekani, ilisambaza sasisho lenye kosa kwa programu yake, ambayo nayo ina draiva inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikakwama. Na dawa ilikuwa nini? Mafundi waliziwasha mashine katika hali salama, wakafuta faili lenye kosa, wakaziwasha upya. Njia hiyo ndiyo niliyoipita mimi nikiwa nimekaa kitandani.

Namna ya kuitoa

Kwanza chomeka chaja, maana chaji ikikata katikati utajiongezea matatizo. Kisha uingie kwenye ukurasa wa matengenezo wa Windows. Kama mashine haikufikishi huko yenyewe, iwashe, na nembo ikitokea tu, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu. Windows 10 na 11 zikiona zimeshindwa kuwaka mfululizo, zinafungua ukurasa huo zenyewe.

Hapo chagua "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Startup Settings", kisha "Restart". Ikiwaka utaona orodha yenye namba. Bonyeza 4. Hiyo ndiyo "Safe Mode", yaani hali salama: Windows inawaka na draiva chache za lazima tu, na ile mpya ya picha inaachwa nje. Usishtuke maandishi yakiwa makubwa na kioo kikionekana cha kizamani. Namba ya siri fupi uliyozoea inaweza kukataliwa huko, kwa hiyo uwe unalikumbuka nenosiri lako kamili.

Kuna jambo moja linawakwamisha wengi. Mashine nyingine zinakudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukufungulia. Hiyo ni BitLocker, kinga inayofunga diski ili mwizi asisome mafaili yako. Usianze kubahatisha tarakimu. Kama ulisajili laptopu kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ingia kwa simu yako au ya mwenzako, uunakili.

Ukishaingia, kabla hujagusa kitu kingine chochote, chomeka flashi unakili kazi zako. Dada yule alinikatalia kuendelea mpaka nimwambie nimemaliza. Nilipoiona ripoti yangu ndani ya flashi, sura nne zote zikiwa nzima, ndipo nilipovuta pumzi.

Sasa bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya Windows, ufungue "Device Manager". Tafuta "Display adapters", fungua jina la kadi yako ya picha, nenda sehemu ya "Driver", bofya "Roll Back Driver". Windows inairudisha draiva ya zamani. Kama kitufe hicho kimefifia na hakibofyeki, maana yake draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Basi tumia "Uninstall Device", na uweke tiki kwenye kiboksi cha kufuta draiva yenyewe. Ukiwasha upya, Windows itatumia draiva yake ya msingi mpaka upakue nyingine kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako.

Yangu niliiwasha upya saa kumi na moja jioni. Nembo, vidoti, kisha picha ya mama yangu niliyoiweka kwenye kioo. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Usisahau kusimamisha masasisho kwa muda kwenye mipangilio ya "Windows Update", la sivyo draiva ile ile inaweza kurudi usiku ukiwa umelala.

Ikigoma je?

Kwenye ule ukurasa wa matengenezo kuna "System Restore". Hiyo inarudisha mfumo, draiva zikiwemo, kwenye hali ya siku ya nyuma bila kugusa nyaraka zako. Programu ulizoweka baada ya siku hiyo ndizo zitakazoondoka. Ila inasaidia tu kama ilikuwa imewashwa kabla ya tatizo, kwa hiyo kaiangalie leo.

Na kama hata hali salama inakataa kuwaka, tatizo linaweza kuwa kubwa kuliko draiva, pengine diski au kumbukumbu ya mashine. Hapo nenda kwa fundi bila aibu. Ila ukifika, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nitolee kwanza mafaili yangu, mengine baadaye." Diski inaweza kuchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Fundi asiyetaka hata kujaribu, mtafute mwingine.

Simlaumu yule wa getini. Kupiga Windows upya ni kazi anayoijua mwisho wake, na kwake muda ni pesa. Lakini yeye hana dedlaini ya Jumatatu. Chama chetu kingeweza kutenga Jumamosi moja kila mwanzo wa semesta, wenzetu wa kompyuta watuonyeshe mambo haya kwa vitendo, kila mtu na laptopu yake na flashi yake. Yangekuwa masaa mawili tu.

Jumatatu saa nne nilikabidhi ripoti. Msimamizi aliirudisha imejaa wino mwekundu, lakini hilo draiva haihusiki.