Ufunguo wa Pili katika Soko la Magari la Gisenyi

Tangu Serikali ya Rwanda ilipopiga marufuku, mwaka 2005, kuingizwa kwa magari yenye usukani wa kulia, biashara ya magari yaliyokwisha kutumika katika mji wa Gisenyi, ulio makao ya Wilaya ya Rubavu, imeshika njia isiyofanana na ile ya Kampala wala ya Dar es Salaam. Kwa maana mushtari wa huku hawezi kuchagua tu gari lolote la Kijapani lililoshushwa Mombasa, bali hulazimika kutazama Dubai na Ubelgiji, Marekani na Kanada, na siku hizi Korea Kusini, sehemu ambazo watu wake huendesha upande wa kulia wa barabara kama Wanyarwanda. Na hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya kituo cha mpakani cha Grande Barrière, upo mji wa Goma wa Kongo, ambao nao huendesha kulia, lakini barabara zake zimejaa magari ya usukani wa kulia yaliyopanda kutoka pwani. Mafundi wa Gisenyi, kwa kukaa mpakani, huletewa magari ya namna zote mbili, na kwa sababu hiyo wameyaona mapema kuliko wengine mashaka yanayoletwa na gari lisilotiwa ufunguo.

Zamani ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma, na aliyeupoteza alikwenda kwa mchonga funguo, akachongewa mwingine kabla ya adhuhuri, bila kuulizwa gari lake limetoka nchi gani. Hali hiyo ilianza kugeuka mwaka 1982, kampuni ya Renault ilipotoa gari la Fuego ambalo milango yake iliweza kufungwa kwa rimoti. Ikageuka zaidi mwaka 1998, Mercedes-Benz ilipotia katika S-Class yake mfumo wa kuingia na kuwasha injini ilhali ufunguo umo mfukoni, na mwaka huo huo Ujerumani na Uingereza zikashurutisha kila gari jipya liwe na kizuizi cha injini, kinachokataa kuwaka mpaka kitambue msimbo wa ufunguo. Yaliyokuwa anasa ya matajiri wa Ulaya wakati ule, leo yamo katika Toyota RAV4, Hyundai Tucson na Kia Sportage ambazo mwalimu au mfanyabiashara wa kadiri huzinunua zikiwa zimekwisha kupita kwa wenyewe wawili watatu.

Utendaji wake si mgumu kufahamika. Mtu anaposhika kitasa cha mlango, gari hutoa wimbi hafifu la redio, aghalabu la kilohezi 125, lisilofika mbali zaidi ya mita moja au mbili. Wimbi hilo huuamsha ufunguo, nao hujibu kwa wimbi la masafa ya juu zaidi, ukitoa msimbo unaotambuliwa na gari lile peke yake, mlango ukafunguka na kitufe cha kuwashia kikakubali. Jibu hilo la ufunguo ndilo linalowagharimu watu fedha bila kujua. Katika magari mengi yaliyotengenezewa soko la Marekani hutolewa kwa takriban megahezi 315, na katika yale ya Ulaya na ya Ghuba kwa takriban 433. Kwa hiyo RAV4 iliyouzwa kwanza Texas na nyingine iliyouzwa kwanza Ubelgiji zaweza kusimama pamoja mbele ya garaji moja ya Mbugangari, zikafanana kwa rangi na kwa mwaka, na rimoti zao zikafanana kwa umbo hata mwenye macho makali asizitofautishe, na bado rimoti ya moja isiifae nyingine kwa lolote. Mwenye kununua rimoti kwa kutazama plastiki yake, iwe katika maduka ya Birere huko Goma au katika maduka ya Kigali, huenda akalipa fedha nzuri kwa kitu ambacho gari lake halitakisikia kamwe. Fundi anayejua kazi huanza kwa kulifungua ganda na kusoma namba iliyochapwa ndani yake, kisha ndipo anapotaja bei.

Lakini taabu iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ndiyo iliyonifanya niandike, ni ya ufunguo wa pili. Gari jipya kwa kawaida hutoka kiwandani na funguo mbili. Likisha kupita kwa mwenyewe wa kwanza, likapita mnadani, melini, katika yadi za Dubai, na mikononi mwa dereva anayelipandisha kwa njia ya Rusumo au ya Gatuna, mara nyingi huwa limebaki na mmoja tu, na katika mlolongo huo wote hapatikani mtu anayejiona kuwa na dhamana ya ule uliopotea. Forodha hukadiria thamani ya gari, ikatoza ushuru wa asilimia 25 uliokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, juu yake kodi ya asilimia 5, 10 au 15 kwa kadiri ya ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 18; polisi nao katika ukaguzi wao hupima breki, taa na moshi. Mushtari mwenyewe huinama akatazama gurudumu la akiba kama lipo, akagonga bodi kwa vidole kusikiliza kama limepigwa putini, halafu akapokea ufunguo mmoja na kushukuru.

Na tofauti baina ya ufunguo mmoja na funguo mbili si tofauti ya hesabu tu. Maadamu ufunguo mmoja unaotambuliwa ungalipo, kuongeza mwingine ni kazi nyepesi: fundi huunganisha mashine yake na tundu la uchunguzi lililo chini ya usukani, gari likaamriwa kuusajili ufunguo mpya kwa ushahidi wa ule wa zamani, na katika magari mengi kazi huisha kwa muda mfupi. Ukipotea ule wa mwisho, ushahidi huo umekwisha. Itampasa fundi aiingie kumbukumbu ya kizuizi cha injini chenyewe, pengine kwa kukifungua kisanduku na kuchomea nyaya, au angoje msimbo kutoka kwa wakala wa kampuni, au abadilishe kisanduku kizima; na muda wote huo gari hulala pale pale lilipoegeshwa, maana katika magari mengi usukani umejifunga na gia haitoki mahali pake. Gharama ya siku hizo, kwa mtu ambaye gari ndilo duka lake, hupita mbali gharama ya rimoti ambayo angeiongeza siku ya kwanza.

Liko na jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Ufunguo uliopotea haujafa. Popote ulipo, iwe katika kabati la mwenyewe wa kwanza au katika mfuko wa mtu asiyejulikana, gari bado linautambua, na litaendelea kuutambua mpaka fundi aufute katika kumbukumbu. Kwa rai yangu, kila mkataba wa mauziano wapaswa kutaja funguo zilizokabidhiwa ni ngapi, na kwamba nyingine zote zimefutwa. Na pasipotajwa hivyo, mushtari ana haki ya kupunguziwa bei kwa kiasi cha ufunguo na ujira wa fundi, tena bila haya.

Hasara ya ufunguo mmoja huonekana hata katika kiti. Kiti chenye kumbukumbu si uzushi wa juzi, kwani Cadillac ilikitia katika Eldorado Brougham ya mwaka 1957. Kilichozidi siku hizi ni kwamba kampuni nyingi zimekiunganisha na rimoti, hata kila dereva akawa na ufunguo wake, na gari likimtambua kwa huo humpangia umbali wa kiti, kimo chake, na katika magari mengine vioo vya pembeni na usukani pia. Gari likifika na ufunguo mmoja, nusu ya manufaa hayo imebaki ng'ambo ya bahari. Vitufe vya mlangoni, 1 na 2 pamoja na kile cha kuhifadhi, bado hufanya kazi. Lakini kila mlango unapofunguliwa, kiti huelekea mahali pa mtu mmoja, pengine pa yule wa Texas ambaye hakuna aliyepata kumfuta.

Anayelidhani hili kuwa jambo la starehe tu na aangalie biashara ya magari ya kukodi. Baada ya Goma kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa na mabenki yake yakafunga milango, na wasafiri wengi waliokuwa wakiruka moja kwa moja wakalazimika kushukia Kigali, kisha wakaja kwa barabara kupitia Musanze hadi mpakani, mwendo wa zaidi ya kilomita 150 za kona na milima. Gari moja huendeshwa na madereva wawili kwa zamu. Dereva mfupi anayeketi kwa haraka katika kiti cha mrefu, akatazama vioo vilivyoelekezwa kwa macho ya mwingine, hupoteza mambo yale ambayo kona za milima ya kaskazini humdai kwanza. Wenye magari wanaoelewa hili humpa kila dereva rimoti yake, iliyosajiliwa na iliyopangiwa kiti chake, na fedha wanazotoa ni chache zikilinganishwa na kioo kimoja cha pembeni kilichovunjika.

Mpakani penyewe huzuka jambo ambalo mtengenezaji hakulifikiria. Mwenye gari hushushwa mbele ya Grande Barrière, injini ikiunguruma, akavuka kwa miguu kwenda Goma na rimoti imo mfukoni. Gari hulia kwa kuonya, lakini halizimiki, kwa kuwa kuzima injini barabarani ni hatari. Dereva akaondoka akidhani mambo ni salama, na anapozima mbele ya duka, ndipo gari hukataa kuwaka tena mpaka mwenyewe arudi. Kutozimika huko kuna sura mbaya zaidi. Nchini Marekani watu wameuawa na hewa ya sumu baada ya kuacha injini ikiendelea katika banda lililoungana na nyumba, wakidhani imezimwa, hasa ikiwa ya gari la mahuluti lisilopiga kelele. Toyota ilianza kutia kizima-injini cha moja kwa moja katika magari ya mwaka 2020 ya soko hilo, na mengi yanayofika kwetu ni ya kabla ya hapo.

Betri ya rimoti, aghalabu ile ya CR2032 yenye volti 3, huchakaa upesi ikiwekwa daima karibu na simu au televisheni, kwa kuwa ufunguo hupokea mawimbi bila kupumzika. Katika Toyota nyingi za karibuni, ukishika kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungulia mara mbili, taa ya rimoti humeta mara nne, na ufunguo ukalala mpaka ubonyezwe tena. Ukilala hivyo haujibu hata mwizi mwenye mtambo wa kurefusha mawimbi, hila ambayo watafiti wa Zurich waliithibitisha mwaka 2011 kwa magari 10 ya kampuni 8. Na betri ikiisha kabisa, ndani ya rimoti mna kipande cha chuma cha kufungulia mlango, na rimoti ikigusishwa na kitufe cha kuwashia, injini huwaka. Muuzaji angeweza kuyaonyesha haya yote kabla ya kuhesabu fedha.

Mashirika ya misaada yanayopita hapa na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zenye viti vya kusukumwa kwa mkono, yamejiepusha na mengi ya haya, lakini mnunuzi wa kawaida hana njia hiyo. Magari ya umeme, ambayo Rwanda imeyapa misamaha ya kodi tangu 2021, yameleta tayari hatua nyingine: baadhi yake hufunguliwa kwa kadi au kwa simu, na haki ya kuingia huandikwa kwa jina la mwenyewe katika akaunti iliyohifadhiwa na kampuni katika nchi ya mbali. Yatakapouzwa kwa mkono wa pili, mushtari wa Gisenyi atamhitaji yule aliyeyamiliki kwanza alifute jina lake. Na wafanyabiashara wetu wangefanya vyema kuliingiza sharti hilo katika mikataba sasa, pamoja na lile la funguo mbili, wakati magari hayo bado ni machache na wenyewe wa kwanza wako Kigali na wanapatikana kwa simu.