Kila Kuku na Tabia Yake

Wengi kati yetu tunasoma kwa feza ya kuku. Wazazi wanapokosa franga za shule, kuku ndiye anakamatwa wa kwanza na kupelekwa soko. Lakini anakamatwa yupi? Hapo watu wengi wanapoteza, sababu wanasema, "Kuku ni kuku tu." Sivyo. Kila kuku ana tabia yake, na mwenye kuijua hatamaliza kuku wake upesi. Nitaeleza jambo hili kwa kuwakumbuka kuku wa kwanza wa lupango yetu hapa Kindu. Walikuwa watano: majike wane na jogoo mumoja.

Tuanze na ukubwa. Majike wawili walitoka ng'ambo, Alunguli, wakavuka Lualaba ndani ya mtumbwi, miguu imefungwa. Wazee wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba inamzuia asipotee, ni kweli. Lakini siku zile za kamba ni siku za mtihani pia: wenyeji wanakuja kumdonoa mgeni, mumoja mumoja, mpaka kila kuku ajue nani yuko juu yake na nani yuko chini yake. Mtu wa Norvege, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliangalia kuku tangu utoto wake, na mwaka 1922 akaeleza mambo hayo katika maandishi yake. Aliona kwamba kila kuku anajua nafasi yake: wa juu anadonoa wa chini, na wa chini hamrudishii. Wakiisha kupangana, vita inapunguka.

Kwetu aliyekuwa juu ni jike mweusi, tulimuita Mama Mukali. Pumba za mchele zikimwagwa, yeye anakula kwanza. Jioni yeye analala mti wa juu kabisa wa kibanda. Akiwa na vifaranga, hata imbwa alizunguka mbali.

Wa pili alikuwa Mupole, mwekundu, munene, mwenye kutaga sana. Kila mgeni aliyeingia alisema, "Ile njo kuku!" Lakini Mupole hakujua kulalia. Siku tatu, ine, anaacha mayai yamepoa, anaenda zake. Kumbe mayai yanataka siku 21 za joto bila kuachwa muda mrefu. Basi mama alikuwa anachukua mayai ya Mupole na kuyaweka chini ya Mama Mukali, usiku, polepole. Kuku hatambui kama yai ni la mwingine. Hata kabla ya kupasuka, vifaranga vinalia ndani ya yai na jike anavijibu, na vikitoka, ni watoto wake tu.

Wa tatu ni Kipara, wa shingo tupu. Wengine walimcheka, lakini shingo ile bila manyoya inamsaidia kuvumilia joto. Saa ya mchana wengine wamefungua midomo chini ya muembe, yeye anachakura tu.

Wa ine, Mutembezi, alitaga ndani ya mihogo ya jirani. Ilifaa kumfuata asubuhi, kimya kimya, ndipo uone mayai.

Jogoo tulimpa jina Komanda. Akipata kumbikumbi, hakumeza. Aliita, akawaachia majike. Tena alikuwa na vilio viwili vya hatari. Kipanga akipita juu, alitoa sauti moja ndefu, na wote wakajificha chini ya majani. Adui akija kwa chini, kama imbwa, alilia kwa kurudia-rudia, na wote wakasimama, shingo juu, wakitazama upande ule. Jogoo asiyelia hivi anaweza kuwa na nyama nyingi, lakini vifaranga vitakwisha.

Sasa siku ya feza ya shule ilifika. Mchuuzi alimtaka Mama Mukali kwa sababu ya ukubwa wake. Mama alikataa: "Ule hapana. Ule njo anatulelea wengine." Tukauzisha jogoo wawili vijana, watoto wa mayai ya Mupole waliolelewa na Mama Mukali. Hesabu ni rahisi: ukiuza mlezi, umeuza pamoja na vifaranga vya mwaka unaofuata.

Tabia inasaidia pia kutambua ugonjwa. Asubuhi moja Mutembezi hakutembea. Alikaa pembeni ya kibanda, mabawa chini. Kesho yake mavi yalikuwa ya kijani, na Kipara akaanza kupindika shingo. Ndani ya juma moja walikufa wale wawili, pamoja na Komanda. Zile ni alama za ugonjwa wa Newcastle, unaoitwa kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Hauna dawa ya kuponyesha. Una chanjo tu, na inatolewa kabla ugonjwa haujaingia, tena inarudiwa. Kuna aina moja inayotiwa tone moja katika jicho, kila miezi ine hivi. Kuku akianza kuacha tabia yake, umtenge siku ile ile, usingoje kuona mavi ya kijani. Na usipeleke soko kuku mgonjwa, maana utapelekea ugonjwa lupango ya mwenzako.

Mama Mukali na Mupole walipona. Kuku wote wa kwetu leo ni wa mayai yao wawili, na wote walilelewa na yule mweusi.

Basi, ndugu mwanafunzi, wakati wa likizo chukua ukurasa mumoja wa kaye yako. Keti jioni karibu na kibanda na uandike: nani anakula kwanza, nani analalia vizuri, nani anaacha mayai, jogoo gani anaita wenzake. Siku mzazi atakaposema, "Tuuze kuku," utaweza kumuambia yupi aende na yupi abaki.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita