Utambulisho wa Sentromia na Nafasi Yake katika Mgawanyiko wa Seli

Sentromia ni sehemu ya kromosomu iliyobanwa, ambayo Walther Flemming, mwanaanatomia wa Ujerumani, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1882. Seli inapojiandaa kugawanyika, juu ya sehemu hiyo hujengwa kinetokori, muundo wa protini unaoshikwa na nyuzi zitokazo katika ncha mbili za seli. Kromosomu yoyote ikiwa bado haijashikwa barabara, mgawanyiko husubiri.

Kila kromosomu huhitaji sentromia moja hai tu. Ikikosekana, kromosomu hupotea. Zikiwa mbili, huweza kuvutwa pande mbili na kukatika, kama Barbara McClintock alivyoonyesha katika mahindi. Kwa hiyo, seli inatambuaje mahali pa kuijenga?

Katika hamira jibu ni jepesi: mfuatano wa DNA wa takribani jozi 125 za besi hutosha. Kwa binadamu, sentromia hukaa penye alfa-satelaiti, kipande cha jozi 171 kinachorudiwa maelfu ya mara, na ni rahisi kudhani kwamba marudio hayo ndiyo chanzo chake. Dhana hiyo haiwezi kutetewa kikamilifu. Mwaka 1993, watafiti wa Australia walieleza kromosomu iliyotokana na kromosomu ya 10 ya binadamu, ambayo ilikuwa imepoteza marudio hayo lakini ikaendelea kurithiwa, kwa kuwa sentromia mpya ilikuwa imejitokeza mahali pengine. Kinyume chake, zipo kromosomu zenye maeneo mawili ya alfa-satelaiti ambapo moja limezimika, ingawa DNA yake ingalipo.

Kinachotofautisha eneo hai na lililozimika ni CENP-A, protini inayochukua nafasi ya histoni H3. DNA inaponakiliwa, CENP-A iliyopo hugawanywa kati ya nakala mbili. Mpya huongezwa baadaye, palepale penye ya zamani. Alama hurithiwa, basi, bila kutegemea mfuatano peke yake.

Uimara wake ni wa ajabu: katika mayai ya panya, CENP-A hudumu zaidi ya mwaka mzima bila kuongezwa mpya. Kohesini, protini inayofunga kromatidi dada pamoja, haina ustahimilivu huo. Hupungua kadiri yai linavyozeeka, na upungufu huo unahesabiwa miongoni mwa sababu za kuongezeka kwa trisomia ya 21 umri wa mama unapopanda.