Namba na Tarakimu: Kubadili Vizio katika Programu ya Kompyuta

Aghalabu maneno namba na tarakimu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina madhara, lakini mtungaji wa programu ya kompyuta asiyeyatenganisha hupata majibu ya uongo. Makala haya yanakusudia kuibainisha tofauti hiyo.

Tuchukue muda wa mbio. Huko Chepsaita, karibu na Eldoret nchini Kenya, hufanyika mbio za nyika, na muda wa mkimbiaji huandikwa kwa dakika na sekunde. Tarakimu zake ni za kizio cha kumi, lakini nafasi zake ni za kizio cha sitini, yaani sekunde zikitimia 60 huhamia nafasi ya juu na kuwa dakika moja. Mwandishi akiingiza 2:50 kama 2.50, mashine huelewa dakika mbili na nusu. Sekunde ishirini zimepotea bila mtu kuongeza mwendo.

Kubadili kizio kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kutoka katika tarakimu kwenda katika namba. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge, mzaliwa wa Nandi, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, ingawa muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Programu huanza na 1, huzidisha kwa 60 na kuongeza 59, ikapata 119. Huzidisha tena kwa 60 na kuongeza 40, ikapata sekunde 7180.

Hatua ya pili ni kinyume chake: namba hugawanywa kwa kizio kipya mara kwa mara mpaka jibu liwe sifuri, na kila baki huwekwa. Katika kizio cha kumi na sita, 7180 hutoa baki 12, 0, 12 na 1. Mabaki husomwa kuanzia la mwisho, na kwa kuwa 12 huandikwa kwa herufi C, jibu ni 1C0C. Sura imebadilika, namba ni ile ile.

Hata tarakimu moja ina hila yake. Ishara 7 inapobonyezwa, mashine inayofuata utaratibu wa ASCII huihifadhi kama 55. Programu isipotoa 48 kwanza, itajumlisha ishara badala ya thamani.

Wanaisimu hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Kinandi husema tiptem, neno lenye asili ya Kikushi. Kiswahili husema ishirini, kutoka Kiarabu, au makumi mawili, kwa maneno ya Kibantu. Makumi mawili huonyesha wazi namna kizio kinavyofanya kazi, ilhali ishirini na tiptem huificha. Hata hivyo, namba inayotajwa ni moja.

Kwa hiyo yafaa, katika kufundisha na katika kutunga istilahi, neno tarakimu lishike maana ya ishara iandikwayo, na namba ibaki kuwa thamani yenyewe. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hatashangaa kuona 7180 na 1C0C zikiwa sawa, wala hataipokonya saa sekunde zake.