Mau Mau Kiambu: Vita vilipiganiwa wapi hasa?

Kila Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa inapokaribia, wanafunzi wa kaunti yetu hutumwa nyumbani na swali la historia: taja mapigano makuu ya Mau Mau. Jibu la kawaida ni msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya. Si jibu baya. Lakini mkaazi wa Kiuu anayesubiri matatu pale Githurai 45 ana jibu jingine karibu naye. Gereza la Kamiti liko safari fupi kutoka hapo. Mbele kidogo kwenye barabara ya Thika kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho majengo yake ya kwanza yalikuwa kambi ya jeshi la Uingereza iliyoitwa Templer, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka wa 1965.

Tuanze na tarehe yenyewe. Oktoba 7, 1952, Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u, aliyekuwa mshirika mkubwa wa serikali ya kikoloni, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake karibu na Gachie. Wiki mbili baadaye, Oktoba 20, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Usiku huo Jomo Kenyatta alikamatwa nyumbani kwake Gatundu, na wenzake wengi wakachukuliwa. Kati ya sita walioshtakiwa Kapenguria alikuwemo Kung'u Karumba, mwana wa Kiambu pia. Serikali ilidhani ukiwashika viongozi, jambo limekwisha. Badala yake vijana waliingia msituni.

Pigano ambalo Mau Mau walishinda waziwazi lilitokea nje ya mipaka yetu, Naivasha, usiku wa Machi 26, 1953. Kikosi kilichoongozwa na Mbaria Kaniu kiliingia katika kituo cha polisi, kikawaachilia wafungwa 173 na kuondoka na bunduki 47, 18 kati yazo zikiwa za kufyatua risasi mfululizo. Kwa wapiganaji ambao wengi wao walikuwa na mapanga na bunduki za kujitengenezea kwa mabomba ya maji na komeo za milango, hiyo ilikuwa hazina.

Usiku huohuo moto uliwaka Lari.

Hapa inafaa tusimame, kwa sababu Lari iko Kiambu na jeraha lake halijapona katika nyumba zote. Mzozo ulianza kabla ya Mau Mau. Katika miaka ya 1930 serikali ilitaka ardhi ya Tigoni, iliyozungukwa na mashamba ya wazungu wa Limuru, na ikawapa wenyeji ardhi ya Lari badala yake. Baadhi yao, wakiongozwa na Luka Wakahangara, walikubali kuhama na wakapata mashamba. Waliokataa waliondolewa kwa nguvu, na wengi wakabaki bila chochote. Luka akawa chifu. Walionyang'anywa walimwona kila siku akilima.

Usiku ule washambuliaji walifunga milango ya nyumba za familia za machifu na askari wa homugadi, wakazimwagia mafuta na kuziwasha. Wanaume wengi wa homugadi walikuwa wametoka kwa doria, kwa hiyo waliokufa walikuwa hasa wanawake na watoto. Luka pia aliuawa. Hesabu ya serikali ilitaja zaidi ya watu 70. Kabla ya kupambazuka, homugadi, polisi na wanajeshi walianza kulipiza kisasi, wakaua watu walioshukiwa, wengine bila kuulizwa hata jina. Waliouawa katika awamu hii ya pili hawakuhesabiwa rasmi, na wanahistoria wanaamini walizidi wale wa kwanza. Kisha zikafuata kesi, na makumi ya wanaume wakanyongwa. Baadhi ya kesi hizo zilisikizwa Githunguri, ambako chuo cha walimu kilichoanzishwa na Mbiyu wa Koinange mwaka wa 1939 kwa michango ya wananchi kilifungwa, na mti wa kunyongea ukasimamishwa mahali watu walipokuwa wamejenga madarasa.

Je, Lari ni pigano? Vitabu vingine huiweka katika orodha hiyo. Mimi ningesita. Ilikuwa ugomvi wa shamba uliopata nafasi ya vita, na pande zote mbili zilikuwa za majirani. Waingereza ndio waliofaidika zaidi: picha za Lari zilisambazwa duniani kuonyesha Mau Mau kama ushenzi mtupu, na habari ya Tigoni ikaachwa nje.

Ukiitazama ramani utaona kwa nini Kiambu ilikuwa muhimu hivyo. Upande mmoja ni Nairobi, kulikokuwa na kamati za Mau Mau, pesa, dawa, risasi na vijana wapya. Upande mwingine ni misitu ya Kinale na Kieni, inayopanda hadi Nyandarua. Njia ya kutoka mjini kwenda msituni ilipita hapa kwetu, katikati ya mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru na Thika, ambako vibarua walijua kila kichochoro. Mpiganaji hakuweza kula majani. Alihitaji mtu wa kumletea uji, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke aliyebeba kikapu kama aendaye shambani.

Jenerali George Erskine, mkuu wa majeshi ya Uingereza, alilielewa hilo. Aprili 24, 1954 aliizingira Nairobi kwa wanajeshi na polisi wapatao 25,000. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, walioitwa gakunia. Gakunia akitikisa kichwa, umekwenda. Maelfu walisafirishwa hadi kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Hakukuwa na pigano lolote la kuandikwa, lakini ukiniuliza ni siku gani Mau Mau walianza kushindwa kijeshi, nitataja hiyo. Msitu ulikatwa kutoka mjini.

Kuanzia Juni mwaka huo ikaja hatua ya pili, vijiji. Zaidi ya watu milioni moja katika eneo la kati walibomolewa nyumba zao na kuhamishiwa vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na handaki, seng'enge na mnara wa homugadi, na kafyu juu yake. Kwenda shambani kulikuwa kwa saa na kwa ruhusa. Njaa na magonjwa yalifanya kazi ambayo bunduki haikufanya. Mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker alikadiria kwamba vita hivi vilisababisha vifo vya ziada 50,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka kumi. Wazungu raia waliouawa na Mau Mau walikuwa 32.

Mbinu ya tatu ilikuzwa hapahapa. Frank Kitson, ofisa kijana wa ujasusi aliyefanya kazi Kiambu na Thika, aliwageuza wapiganaji waliotekwa na kuwarudisha msituni wakijifanya wangali Mau Mau. Baadaye alipanda cheo hadi jenerali, na mafunzo ya Kiambu yakafika hadi Ireland ya Kaskazini. Ni mbinu hiyo ya vikosi bandia iliyombana Dedan Kimathi. Alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, na akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Katika kipindi chote cha hali ya hatari, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa nchini. Kamiti pia ilifungia maelfu ya wanawake, jambo ambalo husemwa mara chache mno siku ya Mashujaa.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, lakini marufuku dhidi ya Mau Mau ilidumu hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa jumla ya pauni milioni 19.9.

Wale waliokuwa kizuizini waliporudi, wengi walikuta mashamba yamepimwa upya na kuunganishwa wakiwa mbali, na vipande vyao vimeandikwa majina ya wengine. Walibaki katika vile vijiji vya seng'enge, na wajukuu wao wangali humo, wengi bila hatimiliki ya kiwanja walichozaliwa. Kule Kimende, watu wa Lari kutoka pande zote mbili walianzisha Makumbusho ya Amani ya Lari mwaka wa 2001, wajukuu wa waliochomewa nyumba na wa waliolipiziwa kisasi wakikaa kwenye kamati moja. Wageni wanakaribishwa.