Rangi na Nafasi ya Shule Marekani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifika mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kauli moja, katika kesi ya Brown, kwamba shule za serikali zisitenge watoto kwa rangi. Amri za utengano zikafutwa, lakini mitaa ilibaki ilivyokuwa, na mtoto husoma anakoishi.

Tuitazame Louisville, Kentucky. Mwaka 1975 shule za mji na za vitongoji vyake ziliwekwa chini ya mamlaka moja, mahakama ikaamuru wanafunzi wachanganywe, na mabasi yakaanza kuwavusha watoto upande hadi upande. Amri hiyo ilipoondolewa mwaka 2000, bodi ya elimu iliamua kuendelea kwa hiari: karibu kila shule iwe na wanafunzi weusi wasiopungua asilimia 15 wala kuzidi 50. Mama mmoja Mzungu akataka kumhamishia mwanawe wa chekechea shule iliyo karibu na kwao. Akanyimwa, kwa sababu uhamisho ungevuruga uwiano. Akaenda mahakamani.

Shauri lake liliunganishwa na la Seattle, ambako sekondari ikizidiwa na maombi, wenye ndugu shuleni hapo walitangulia, kisha ikaangaliwa rangi, ndipo umbali. Juni 28, 2007, majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama ya Juu waliibatilisha mipango yote miwili. Jaji Mkuu John Roberts alishikilia kwamba kumpangia mtoto shule kwa rangi yake ni ubaguzi, hata nia ikiwa njema. Jaji Stephen Breyer alipinga: kutumia rangi kuwafungia watoto nje si sawa na kuitumia kuwakutanisha. Mimi niko na Breyer. Historia ya Louisville inampa haki.

Jaji Anthony Kennedy aliungana na walio wengi, ila aliacha mlango wazi: serikali inaweza kuchora mipaka ya shule, au kuchagua pa kujenga mpya, ikijua mchanganyiko utakaotokea, bila kumpima mtoto mmoja mmoja. Louisville ikaupitia mlango huo kwa kuangalia mtaa mzima: kipato, elimu ya watu wazima na rangi za wakazi.

Mji wa Detroit haukuweza kuchanganya watoto wake na wa vitongoji kama Louisville. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken, majaji 5 kwa 4 walikataa vitongoji kulazimishwa kuchangia suluhisho, kwa kuwa havikuthibitika kuvunja sheria. Miongoni mwa wanne waliopinga alikuwa Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza kesi ya Brown.